Marehemu Anachukuliwa Saa Kumi

Jina la Marehemu lilibuniwa na kinyozi wa pale kona, na majina ya kinyozi yule yakishakushika huyatoi hata kwa msasa. Gari lenyewe lilikuwa refu, jeusi, la zamani, la chuma kizito, na ujana wake wote lilikuwa limefanya kazi moja tu: kubeba maiti. Kampuni ya mazishi ilipofilisika, vitu vyake vikapigwa mnada, na zamu ya gari ilipofika mkono ulionyooshwa ulikuwa mmoja. Ulikuwa mkono wa fundi bomba. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu alikuwa ameshalipima kwa hatua na kujua kwamba bomba zima, lile refu la dukani, linaingia humo bila kukatwa.

Mkewe hakucheka. Yeye alishona mapazia kwenye chumba cha mbele, mtaa mzima ukimwita Mama Pazia, na tangu gari lile lianze kulala mlangoni pake alikuwa akiwaona wateja wanapunguza mwendo, wanatazama, halafu wanapita kama watu waliokumbuka shughuli nyingine. Alijaribu kulisaidia. Aliyang'oa mapazia ya zambarau ya madirishani, akashona mengine ya maua. Kinyozi akasema sasa limekuwa la kumzika bibi harusi.

Jioni moja Fundi aliporudi kazini alikuta cherehani imefunikwa mapema, akajua kuna jambo.

"Mkweo amepiga simu," alisema Mama Pazia.

"Mzima?"

"Mzima. Binti yako haji."

Fundi alivua shati taratibu, maana bega lilimuuma. "Haji lini?"

"Haji kabisa. Mama mkwe wake amesema mjukuu wake hatalala kwenye nyumba yenye gari la maiti mlangoni. Na binti yako naye yuko upande huo huo. Anasema akipita karibu nalo tu, mtoto anageuka tumboni."

"Watoto hugeuka tumboni. Ndiyo kazi yao."

"Usinifanyie mzaha, baba watoto. Mimi nina mtoto mmoja, na huyo mmoja anazaa kwa mara ya kwanza. Nilitaka awe hapa, nimpikie, nimkande mgongo, yule mdogo nimpokee kwa mikono yangu. Sasa nikamwangalie wapi? Nikalale kwenye kochi la watu, naulizwa kila asubuhi kama nimelala salama?"

Fundi alikaa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchosha mkewe kuliko kelele, kwa sababu hasira zake zikikosa pa kugonga zilimrudia mwenyewe.

"Sikiliza," alisema. "Bomba nikilikata ili liingie kwenye gari dogo, nikifika kwa mteja lazima niliunge. Nikiliunga, nimeweka mahali pa kuvuja. Mimi kazi yangu inasifiwa kwa kuwa haivuji. Haivuji kwa sababu ya hilo gari. Tangi la maji ninalisukuma peke yangu, zile roli za sakafuni zilizokuwa za majeneza zinalitelezesha hadi nje. Nilipokuwa na mkokoteni nilikuwa nalipa watu wawili. Na askari wa barabarani hawajanisimamisha hata siku moja. Wananipigia saluti!"

"Na mafuta? Linakunywa kama limerogwa. Kioo cha mbele kikipasuka utakipata wapi? Kipuri gani cha gari lile kinauzwa dukani? Kila kitu unachongesha. Na yule mteja wa ghorofani aliyekuambia ukaegeshe mtaa wa pili, ulinificha, nikaja kuambiwa na kinyozi. Na hilo bega?"

Fundi alilishika bega. Alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, kubadilisha mabomba yote yenye kutu katika kliniki moja ya wazazi. Siku ya kwanza mhasibu wa kliniki alitoka nje, akaliona gari getini, akashika kichwa. Wajawazito wanakuja hapa kutafuta uhai, fundi, hilo lisikanyage uwanja wangu. Tangu hapo Fundi aliliacha nyuma ya ukuta wa shule na kubeba mabomba begani, moja moja, mbele ya watoto waliojifunza kumwimbia wimbo wa mazishi. Mama Pazia alikuwa amemshonea kipande cha godoro ndani ya shati. Bega lilichunika vilevile.

"Yule mzee anayekusanya magari ya kale hajabadili nia ya kulinunua," alisema mkewe, sauti ikiwa imeshuka. "Bei yake inatosha pikapu ya kawaida, kama ya watu wengine. Kuukuu, lakini pikapu. Baba watoto, nakuomba. Gari au mwanangu?"

Fundi alitazama dirishani. Gari lilikuwa hapo, refu kupita nyumba yenyewe, maua ya mkewe yakichungulia viooni.

"Fanya utakavyo," alisema. Akaenda kuoga, na maji yakamwagika kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Asubuhi mwenye kukusanya magari alipiga simu mwenyewe. Alikuwa amepata lori la kubebea, na lori lilikuwa huru siku hiyo tu. Angefika saa kumi jioni, fedha mkononi. Mama Pazia alisema ndiyo kabla hajafikiri, kisha akafikiri: Fundi alikuwa ameshaenda kazini, gari lilikuwa nyuma ya ukuta wa shule, na simu ya mumewe ilikuwa ndani ya mchele tangu juzi, baada ya kuangukia kwenye pipa la maji. Ikabidi apige kwa mlinzi wa kliniki, ambaye namba yake Fundi alikuwa amemwachia mkewe kwa dharura. Salio lilikuwa limebaki kidogo sana, kwa hiyo aliongea kama anayekimbizwa.

"Kaka, napiga kutoka nyumbani kwa fundi bomba. Mwambie arudi nyumbani upesi. Marehemu anachukuliwa leo saa kumi, aje kabla hawajaja kumwondoa."

Alisikia mlinzi akisema "Innaa..." au "Eeh..." na simu ikakatika.

Ajabu ni kwamba yeye hakuwahi kuliita gari kwa jina hilo. Alilichukia. Siku hiyo lilimtoka kwa wepesi, labda kwa sababu lilikuwa linaondoka, na mtu akiondoka hata uliyemchukia unampa jina lake. Aliweka simu kwenye chaji, akaenda uani kufua shuka za kumlazia binti yake. Alikuwa akiimba.

Fundi alifika akiwa hajazima injini. Aliuacha mlango wa gari wazi, akapita chumba cha mbele akikwaa vitambaa, akatokea uani na spana mkononi, uso umemshuka, na alipomwona mkewe ameinama kwenye beseni akasimama ghafla. Alikaa chini kwenye povu.

"We," alisema. "We, upo."

"Niende wapi?"

"Mlinzi kaniambia jikaze fundi, nyumbani kuna msiba. Nikamuuliza nani, akasema simu imekatika, ila mwenye kupiga alikuwa analia. Nikajua ni wewe. Nikasema wengine wote wangeniambia jina."

Mama Pazia alielewa kidogo kidogo, na alipoelewa yote akaziba mdomo kwa mkono wenye sabuni. "Nilisema Marehemu. Nilimaanisha gari, jamani. Gari!"

Walitazamana. Kisha Fundi akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa mali yake, na mkewe akacheka naye, akimpangusa povu magotini, akimwambia mjinga wee, umeniua mchana kweupe. Walicheka hadi Fundi aliponyamaza ghafla, akatazama spana.

"Nimefunga koki kuu," alisema. "Kliniki nzima haina maji. Nimeondoka nayo imefungwa na mabomba yamefunguliwa."

"Basi rudi upesi. Ngoja nimpigie mlinzi amwambie mhasibu."

Aliingia ndani kuchukua simu. Kwenye kioo jina la binti yake lilikuwa limejipanga kutoka juu hadi chini, simu zote alizokuwa amepiga na hakuna aliyepokea.

Namna ilivyokuwa, walikuja kuijua baadaye, na mlinzi mwenyewe aliisimulia huku amevua kofia. Binti alikuwa amekuja kliniki kupimwa, kama alivyopangiwa. Alipitia getini kumwulizia baba yake, ampe maandazi aliyomfungia. Mlinzi alikuwa mtu wa huruma, na huruma ikishampata mtu asiyejua habari kamili, huijazia mwenyewe. Neno la Mama Pazia lilikuwa limeshapita kichwani mwake na kugeuka maiti, maiti imegeuka mama mwenye nyumba, na saa kumi imegeuka saa ya maziko. Alimshika binti mkono kwa mikono miwili. Pole sana, mwanangu. Baba amekimbilia nyumbani. Mama anazikwa saa kumi.

Binti alipiga simu ya mama yake. Ikaita hadi ikachoka. Akapiga tena, na tena, na alipokosa jibu hakuhitaji ushahidi mwingine. Maandazi yalimwanguka, naye akayafuata. Chupa ya uzazi ilipasukia pale pale getini, mimba ikiwa haijatimiza mwezi wake.

Mkunga ndiye aliyepokea simu ya binti Mama Pazia alipopiga. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mama yake? Unaongea mwenyewe?... Sikiliza basi. Uchungu umeanza na mtoto amekaa vibaya. Hapa sina maji hata ya kunawa, siwezi kumgusa. Lazima aende hospitali kuu. Gari letu la wagonjwa limepeleka mtu, halijarudi. Madereva wawili wa teksi wamekuja, wote wamemwona wamekataa. Na hawezi kukaa, lazima alale. Mna gari?"

Mama Pazia alitazama mlangoni. Injini bado ilikuwa inanguruma.

"Tunalo," alisema.

Safari hii lango la kliniki lilifunguliwa lote. Mhasibu alikuwa amesimama ngazini, mdomo umefunguka nusu, lakini mkunga alimpita na machela, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Mlinzi hakuthubutu kuinua macho.

Binti alimwona mama yake akishuka, akalia kwa sauti ambayo Mama Pazia hakuisahau. "Mama! Mama, wameniambia umekufa!"

"Nimekufa nikuachie nani? Nipo. Nishike. Nipo."

Ndipo binti alipoona anapelekwa wapi. Milango ya nyuma ilikuwa wazi, godoro la mkunga limetandikwa juu ya zile roli. Akashika ukingo wa machela kwa mikono yote miwili.

"Siingii humo."

"Mwanangu."

"Siingii, mama! Nitazalia hapa chini. Humo siingii!"

Mkunga alimwinamia. "Dada, hapa chini nitakupoteza wewe na mtoto. Lia ukiwa ndani."

Wakamwingiza. Roli zilimpokea kwa utelezi ule ule zilivyowapokea wengine wote, na Mama Pazia akausikia mlio wake. Alipanda nyuma pamoja naye. Fundi hakuwa amefikiria vilima: kila gari lilipopanda godoro lilirudi nyuma, kila liliposhuka likaenda mbele. Basi mama mtu akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, miguu akaikaza ukutani huku na huku, akamzuia mwanawe kwa kifua. Nguo zake zililowa. Alimkanda mgongo alivyokuwa ameota kumkanda, mahali ambapo hakuota.

Na barabara, jamani, ilifunguka. Foleni iliyokuwa imekaza tangu sokoni ilijigawa yenyewe. Madereva walipanda ukingoni. Wanaume walisimama na kuvua kofia, wauza matunda wakanyamaza, askari wa njia panda akasimamisha pande zote na kupiga saluti. Hakuna gari la wagonjwa lililowahi kupewa heshima ile. Fundi alikanyaga mafuta huku machozi yanamtiririka.

Binti aliyaona hayo kupitia pengo la pazia la maua. "Wananiaga," alisema. "Mama, wananiaga."

Mama Pazia aliuchomoa mkono wake mmoja, akalivuta pazia alilolishona mwenyewe hadi likang'oka, akatoa kichwa dirishani.

"Yuko hai!" alipiga kelele. "Msivue kofia! Anazaa huyu! Yuko hai!"

Watu walimtazama kwa huzuni zaidi. Waliona mama aliyechanganyikiwa na msiba.

Kwenye lango la hospitali kuu mlinzi alilitazama gari, hakuuliza neno, akainua mkono kwa adabu kuelekeza kulia. "Mochwari zungukeni nyuma. Poleni sana."

"Tuna mzazi!" alisema Fundi.

"Ndiyo, mzee wangu, pole. Nyuma, mlango wa kijani."

"Nasema anazaa!"

"Mzee, nakuelewa. Wote wanasema hivyo, mtu haamini. Zunguka, unazuia wagonjwa."

Mama Pazia alifungua mlango wa nyuma kwa teke. Hakusema kitu. Alikaa pembeni tu ili mlinzi aone, na binti yake akamsaidia kwa ukelele uliowatoa watu madirishani. Mlinzi aliruka kama aliyeona jeneza likifunguka. Kisha akageuka, akakimbia mbele ya gari hadi mlango wa wazazi, akipiga filimbi njia nzima.

Mtoto alikuwa wa kike, mdogo mno, na aliwekwa kwenye sanduku la kioo lenye joto. Lakini alilia. Wote waliokuwa nje ya mlango walimsikia.

Lori la mwenye kukusanya magari lilikuwa limefika saa kumi, likakuta nyumba imefungwa, likaondoka. Habari hiyo ililetwa na kinyozi, pamoja na nyingine: kliniki ilikuwa imemwita fundi mwingine. Mhasibu alisema mtu aliyeiacha wodi ya wazazi bila maji hawezi kukanyaga tena pale, hata kama aliitiwa msiba wa kweli.

"Ni mimi," Mama Pazia alimwambia mumewe kwenye benchi la hospitali. "Neno langu moja. Ningesema gari tu."

"Ungesema gari," alikubali Fundi. Alimsogelea kidogo. "Na mimi ningeuliza vizuri kabla ya kukimbia. Lakini sikuweza. Ungekuwa wewe ungeweza?"

Alipokuwa amekaa pale, jambo jipya lilianza kumwingia Mama Pazia moyoni. Alikuwa akilitazama gari kupitia dirisha la korido. Teksi mbili zilikataa. Gari la wagonjwa halikuwepo. Lile kubwa jinga, linalokunywa mafuta, ndilo lililokuwa na nafasi ya mwanawe kulala, na ya yeye mwenyewe kukaa karibu naye. Alijiona anafikiria kulishonea pazia jingine. Moyoni akasema haliuzwi tena, na akangoja binti apate nguvu amwambie.

Binti alipopata nguvu ndiye aliyeanza. "Mama, nitakuja kwako. Mume wangu ameshakubali. Hata mama yake amekubali."

"Njoo, mwanangu. Shuka zako nilishafua."

"Ila lile gari liwe limeondoka."

Mama Pazia alikaa kitandani. "Lakini ndilo lililokuokoa. Wewe na huyu."

"Najua."

"Sasa?"

"Najua lilituokoa, mama. Lakini nililala mahali pale. Nimeona watu wakinivulia kofia. Nikifumba macho nasikia zile roli." Alijivutia shuka kifuani. "Siwezi kulikuta mlangoni kila nikitoka kumwotesha mtoto jua. Naomba usinibishie."

Mama yake alimfunika miguu. Alikuwa na maneno mengi, yale yote ya Fundi kuhusu bomba na viungo na bega, na sasa ndiyo alikuwa ameyaelewa. Akayameza.

"Litaondoka," alisema.

Mnunuzi alipunguza bei, kwa kuwa safari hii alijua wanamhitaji. Alilizunguka gari akiligonga kwa vidole, akakagua roli, akauliza lile doa la sakafuni ni la nini na kama gari lina historia yoyote ya kusimulia.

"Lilibeba mabomba," alisema Mama Pazia.

Wakalivuta juu ya lori kwa mnyororo. Pikapu iliyonunuliwa ilikuwa imeegeshwa upande wa pili, ndogo, nyeupe, haina jina. Fundi alikuwa chini kando yake na msumeno, anakata bomba vipande viwili kwa ajili ya kazi ya kesho, na hakuinua kichwa lori lilipowasha injini. Kinyozi alitoka dukani mwake na mkasi mkononi. Akasimama, akavua kofia. Mtu angedhani anafanya mzaha, lakini hakucheka, na mtaani hakuna aliyecheka.

Ndani binti alikuwa amelala kwenye zile shuka. Mama Pazia alisimama mlangoni na mjukuu kifuani, pale ambapo sasa palikuwa peupe, akililia gari wazi wazi, machozi yakimdondokea mtoto kwenye kofia ya sufu.

Mama mmoja, mpita njia, mgeni wa mtaa, alimwona akapunguza mwendo. Akaja hadi mlangoni, akamshika mkono.

"Pole sana, dada. Mmefiwa na nani?"

"Hatujafiwa," alisema Mama Pazia, akajipangusa kwa ncha ya blanketi la mtoto. "Tumeuza gari."